Spea za injini kwenye boti ya matanga: akiba inayooza

"Fundi, habari za kazi. Mimi na mke wangu tumenunua boti ya matanga ya mita 11. Injini yake ni ya dizeli, silinda tatu, ina miaka kama 20, inapozwa kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) yanayozunguka ndani huku maji ya bahari yakiyapoza hayo. Mwakani tunaondoka kwa safari ya miaka miwili. Mwenye boti wa zamani alituachia sanduku zima la spea, tukaona tumebahatika. Mwezi uliopita impela ya pampu ya maji ya bahari, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji, ikakatika mapezi. Nikatoa mpya, bado iko kwenye boksi lake. Nilipoikunja tu iingie, ikapasuka. Ya pili ikakataa kuingia kwenye shafti. Sasa sanduku lote siliamini tena. Tubebe nini, tukitunzeje, na je, ninunue ile seti ya spea iliyofungwa tayari nimalize kazi?"

Ndugu yangu, wahenga waliosema akiba haiozi hawakuwahi kuweka impela chini ya kitanda cha boti. Chumvi iko hewani, joto la injini upande huu, unyevu wa ngama, pale chini maji machafu yanapotuama, upande ule, na mtikisiko haulali. Spea iliyokaa miaka minane humo inazeeka sawa na ile inayofanya kazi, pengine kuizidi, maana inayofanya kazi angalau inapata mafuta na inazungushwa. Kwa hiyo impela yako kupasuka mkononi hakunishangazi. Kinachonifurahisha ni kwamba ilipasuka ukiwa bado hujang'oa nanga.

Mimi sihesabu kitu kuwa spea mpaka kiwe kimevaa kwenye injini yenyewe, kikafanya kazi mbele ya macho yangu, kisha nikakivua kwa mkono wangu na kukihifadhi. Kabla ya hapo ni mzigo tu. Najua inasikika kama ubishi wa mzee wa karakana, basi ngoja nikusimulie nilivyofundishwa.

Nilipanda chombo kama fundi, tunakipeleka kwa mwenyewe. Siku ya sita bahari ikawa shwari, matanga yananing'inia, betri zinashuka. Tukapiga stata: tiki, tiki, kimya. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Chini ya kitanda cha omo, yaani mbele ya chombo, kulikuwa na stata mpya, boksi halijafunguliwa, namba ya boksi inalingana na ya kitabu herufi kwa herufi. Nikalala kifudifudi juu ya giaboksi saa nzima nikaitoa ya zamani. Nikafungua boksi. Gia ya stata mpya ilikuwa na meno tisa. Yetu ina kumi. Aliyeifunga alikosea boksi, na sisi tulikuwa tumeibeba miezi saba bila hata mmoja wetu kuichungulia. Mwishowe nilitoa brashi za kaboni za ile mpya, nikazipiga msasa mpaka zikaingia kwenye ya zamani, injini ikawaka kabla jua halijazama. Lakini ile saa niliyokaa nikihesabu meno mara ya pili na ya tatu, nikitumaini nimehesabu vibaya, sijaisahau.

Tangu siku hiyo nafanya hivi, nawe nakushauri ufanye hivi kabla ya mwakani. Ukinunua altaneta mpya, ile inayochaji betri, usiiweke kabatini. Ifunge. Itembee saa 10 au 20 karibu na nyumbani. Ile ya zamani iliyokuwa nzima ndiyo ihifadhiwe. Vivyo hivyo stata, pampu ya maji ya bahari, pampu ndogo ya kuvuta dizeli, mikanda na themostati. Utajua kwamba kinaingia, na utajua ni spana gani hasa inayohitajika. Mara nyingi kuna nati moja nyuma kabisa ambayo haifikiwi mpaka spana ikatwe au ipindwe, na ni afadhali uikate karakana kuliko katikati ya mawimbi. Tena kitu kipya chenye kasoro ya kiwandani mara nyingi hufa mapema, katika saa zake za kwanza, na unataka kifie bandarini.

Kuvaa peke yake hakutoshi, kitu lazima kifanye kazi. Chukua themostati, ile vali inayofunguka maji ya injini yakishapata joto. Injini ya jina lilelile iliuzwa kwa mitindo miwili, moja ikipozwa moja kwa moja na maji ya bahari, nyingine kwa maji baridi kama yako. Themostati ya ile ya kwanza hufunguka chini ya nyuzi 60, kwa sababu maji ya bahari yakipata joto kubwa huacha ukoko mgumu wa chumvi ndani ya injini. Ya kwako hufunguka juu ya nyuzi 70. Zote mbili zinaweza kukaa kwenye tundu lilelile bila ubishi, na usipotazama geji hutajua kwamba injini yako haipati joto lake. Themostati unaweza pia kuipima jikoni: itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha taratibu, uone inafunguka wapi na kama inafunguka yote.

Vitu vinavyominywa au kuchakaa vikifungwa mara ya kwanza, yaani gasketi za kuzibia maungio, washa za shaba (pete za kuzibia) na filta, huwezi kuvijaribu hivyo. Hivi vilinganishe kwa jicho. Gasketi iweke juu ya uso wake, tundu kwa tundu. Filta ya oili iangalie uzi wake na kipenyo cha mpira wake.

Sasa ubebe nini. Watu hunitumia orodha zao nizikague na karibu zote zina kasoro moja, zimepangwa kwa thamani ya kitu. Mimi naanza na maswali mawili. Kikiharibika hiki, injini inasimama au maji yanaingia ndani ya boti? Na zaidi ya aliyeitengeneza injini hii, nani mwingine anacho?

Swali la pili ndilo wengi hawalijui, kwa hiyo nitalikalia kidogo. Injini nyingi ndogo za boti hazikuzaliwa baharini. Kampuni huchukua injini ya trekta au ya mtambo wa viwandani, ikaivisha vitu vya bahari. Beta Marine na Nanni, kwa mfano, wamejenga injini zao nyingi juu ya injini za Kubota, kampuni ya matrekta. Maana yake ni kwamba kiini cha injini, yaani nozeli (vinyunyizio vya dizeli), filta ya oili, themostati, gasketi ya kichwa, pampu ya kuvuta dizeli, unaweza kuvipata popote penye matrekta, mradi ujue namba halisi ya injini ya asili. Ila vile vilivyovishwa, pampu ya maji ya bahari, kibadilisha joto (ambamo maji ya bahari hupoza maji ya injini), kiwiko cha ekzosi na vifuniko vyake vya mpira, hivyo ni vya kampuni ile tu, na kama hauko karibu na wakala wake utasubiri wiki kadhaa na kubishana na ushuru. Kwa hiyo mzigo wako uegemee upande wa maji ya bahari. Tafuta bamba la injini, lipige picha, na namba ya mfululizo iandike mbele ya daftari. Jina la modeli peke yake halitoshi, kwani kiwanda hubadilisha pampu katikati ya miaka bila kubadilisha jina. Nadhani hicho ndicho kilichompata yule aliyekuuzia boti: alinunua impela kwa jina.

Na sasa tuingie kwenye pampu hiyo, kwa sababu ndiyo itakayokusumbua kuliko kitu kingine chochote.

Funga koki ya maji ya bahari, halafu tandika kitambaa chini ya pampu kabla hujagusa bisibisi. Kifuniko kimeshikwa na skrubu ndogo, nyingi zikiwa sita, na angalau moja itaanguka ngamani. Kwa hiyo skrubu za akiba ni spea halali kabisa, nunua dazeni. Impela usiing'oe kwa bisibisi mbili ukiegemeza ukingoni mwa pampu, utauchubua uso ambao gasketi inakaa. Kuna kifaa cha kuivutia, au koleo refu lenye mdomo mwembamba litafaa. Ikishatoka, kunja kila pezi kwa kidole utazame shinani. Ufa huanzia pale, mwembamba kama unywele, ukiwa bado hauonekani pezi likiwa limesimama. Pezi lililobaki limepinda hata baada ya kukaa nje siku nzima nalo limechoka.

Hukuniambia kama vipande vya ile iliyokatika ulivipata vyote. Hesabu mapezi yaliyobaki. Yanayokosekana hayakuyeyuka, yamekwenda mbele na maji, yamekwama kwenye kona ya mpira au mlangoni mwa kibadilisha joto. Vua kifuniko cha mwisho cha kibadilisha joto, utayaona yamelala juu ya mirija midogo kama majani yaliyoziba mfereji. Nimeitwa mara nyingi kwa injini "iliyobadilishwa impela jana na leo imechemka tena". Wakati umefungua hapo, angalia fimbo ya zinki, inayolika badala ya chuma cha injini, ikiwa ipo. Ikilika nusu, badilisha. Beba za kutosha miaka miwili, ni ndogo.

Impela mpya ipake gliserini au maji ya sabuni, izungushe kuelekea upande ambao pampu yenyewe inazunguka huku ukiisukuma. Usipake grisi ya kawaida, huvimbisha mpira. Impela ya mpira wa neopreni ndiyo ya maji ya bahari. Ile ya nitrili imetengenezwa kwa mahali penye mafuta na dizeli, na kwenye maji yenye baridi kali huwa ngumu. Gasketi ya kifuniko nayo si karatasi yoyote. Unene wake ndio unaoweka nafasi kati ya impela na kifuniko, na ukikata ya karatasi nene pampu itanyonya kwa shida. Kifuniko chenyewe kikiwa kimelika mviringo kwa ndani, mara nyingi unaweza kukigeuza, upande wenye maandishi ukaingia ndani, ukapata miaka mingine.

Kisha kuna kitundu kidogo chini ya mwili wa pampu, kati ya sili ya maji na sili ya oili, yaani zile pete za kuzuia uvujaji. Kikidondosha maji, sili ya maji imekwisha; kikidondosha oili, ile nyingine. Watu hukiona kinachafua, wakakiziba kwa gundi au rangi. Usithubutu. Kitundu kikizibwa, maji ya bahari hayana pa kwenda ila kupenya sili ya pili hadi kwenye oili ya injini, na siku utakayovuta fimbo ya oili ukakuta rangi ya maziwa, gharama yake haitakuwa ya sili. Kubadilisha sili na beringi baharini kunahitaji vifaa vya kukamulia ambavyo huna. Ndiyo maana nasema beba pampu nzima, iliyokwisha kufanya kazi, pamoja na gasketi ya pale inapofungwa kwenye injini, na impela nne. Chombo kikitulia bandarini utaifungua ile mbovu kwa nafasi yako.

Upande wa dizeli mambo ni mengi lakini spea ni chache na nyepesi. Beba filta kuliko unavyodhani inafaa. Injini ya dizeli ikizima yenyewe baharini, mara nyingi ni mafuta hayafiki: tangi limetulia miezi, maji ya mvuke yamekusanyika chini, vijidudu vimeota kwenye mpaka wa maji na dizeli, na siku ya mawimbi ya kwanza uchafu wote unanyanyuka kwa pamoja. Siku moja kama hiyo inaweza kula filta nne. Kumi na mbili za ile ya kwanza yenye kikombe cha kutenga maji, za mikroni 10 au 30, na nne za ile ya kwenye injini, ndio uzoefu wangu kwa safari kama yenu. Oringi na washa zake ziwe pamoja nazo, ndani ya mfuko uleule.

Jifunze kutoa hewa kwenye mfumo mpaka uweze kufanya hivyo gizani. Kuna kamtego kamoja: unapampu kile kijiti cha pampu ndogo na hukisikii kinafanya kazi, kinalegea tu. Pampu haijafa. Ni kwamba injini imesimama mahali ambapo kemu, ile nundu inayoisukuma pampu, imeibana tayari. Zungusha injini mzunguko mmoja, ujaribu tena. Nimewahi kuona pampu tatu nzima zilizotupwa baharini kwa sababu ya kutojua hilo.

Washa za shaba unazozitoa zinaweza kurudi kazini. Zipashe kwenye moto wa gesi mpaka ziwe nyekundu, zitie majini, zitakuwa laini kama mpya. Kwa washa za aluminiamu usijaribu, beba mpya. Nozeli: beba moja iliyopimwa na fundi wa nozeli, yenye vifuniko vyake, ndani ikiwa na mafuta ya kuhifadhia, na bomba moja la chuma la kila umbo. Na tafadhali, nozeli ikifanya kazi nje ya injini usiweke mkono mbele yake. Dizeli inatoka kwa shinikizo linalozidi mara 100 lile la hewa tunayoivuta. Inatoboa ngozi, na kijitundu kinachoonekana kidogo kama cha sindano ni jambo la kupasuliwa hospitalini haraka, si la kupaka dawa. Pampu kubwa ya nozeli usibebe. Ni ghali, huwezi kuipima ukiwa baharini, na ukiipatia dizeli safi itakuzidi umri.

Kiwiko cha ekzosi, pale maji ya bahari yanapokutana na moshi, kinakufa polepole tena kwa ndani. Kwa nje kimepakwa rangi, kinapendeza. Ndani masizi yameacha tundu la kidole. Kivue kabla ya safari, ukitazame, na kama injini ina miaka 20 na hakijawahi kubadilishwa, nunua kipya ukifunge sasa. Cha zamani kikiwa bado kizima kioshe ukibebe, pamoja na gasketi mbili. Vali ya kuzuia mnyonyo iliyo juu yake ioshe kwa maji ya moto kila baada ya miezi michache. Ikiganda kwa chumvi, maji ya bahari hujivuta yenyewe mpaka ndani ya injini iliyozimwa.

Na kwa kuwa tuko hapo: injini ikikataa kuwaka, usiendelee kupiga stata koki ikiwa wazi. Pampu inasukuma maji, moshi wa kuyatoa haupo, chungu cha ekzosi kinajaa, kisha maji yanarudi hadi kwenye silinda. Funga koki, piga stata, na uifungue mara injini inapoitika. Impela haivumilii kukauka zaidi ya dakika moja hivi, kwa hiyo mtu mmoja awe na mkono kwenye koki. Stata ikisimama ghafla kama imegonga ukuta, acha kabisa, toa nozeli kwanza maji yatoke.

Umeme nitaupita haraka. Stata na altaneta za akiba nimeshazisema. Ongeza brashi zake, rilei, fyuzi, swichi ya ufunguo, solenoidi ya kuzimia injini kama yako huzimwa kwa umeme, na mita chache za waya nene uliopakwa bati. Usichomoe betri injini ikiwa inazunguka, utachoma diodi za altaneta. Wengi wamebadilisha altaneta mbili kwa kosa moja. Mikanda pima upana, 10 mm au 13 mm, na urefu, usiamini macho. Mitatu inatosha, na kumbuka kwamba kwenye injini nyingi mkanda wa altaneta ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji baridi, kwa hiyo ukikatika hupotezi chaji tu. Oili ya mabadiliko mawili, mafuta ya giaboksi, kipozeo cha kujaza mfumo mara moja. Mipira ya maji: beba kipande kirefu cha kila kipenyo badala ya kila mpira uliopindwa, na klipu za chuma kisichoshika kutu, ukijaribu skrubu zake kwa sumaku, maana mara nyingi ukanda ni mzuri na skrubu ni ya chuma duni. Kamba ya kuzibia shafti ya propela, kwa kipimo cha pande zake. Gasketi ya kichwa moja. Pistoni, beringi za kombo na mengine ya tumboni yaacheni. Siku yatakayohitajika hamtakuwa baharini mkiyafunga.

Utunzaji sasa. Maboksi ya karatasi yote yaishie gatini. Karatasi inanyonya unyevu na kuushikilia karibu na chuma, na mikunjo yake hubeba mayai ya mende hadi jikoni kwenu. Ila kabla ya kutupa, kata ile lebo yenye namba uitie kwenye mfuko pamoja na kitu chenyewe, ikitazama nje. Chuma kipake oili nyepesi, ukifunge kwa mfuko wa plastiki ulioondolewa hewa, au kwa karatasi ya kuzuia kutu ikiwa unaipata. Vitu vya umeme weka na vifuko vya silika jeli vinavyonyonya unyevu. Vifuko hivyo vikilowa vikaushe kwenye oveni ya moto mdogo, virudi kazini.

Mpira una maadui wengine: joto, mwanga na hewa ya ozoni, na hii ya tatu hutolewa na cheche za mota za umeme. Kwa hiyo impela na mikanda visikae chumba cha injini, wala karibu na pampu ya umeme au friji. Viweke gizani, chini, mahali pa baridi kuliko pote, bila kukunjwa wala kubanwa. Mkanda uliofungwa fundo ili upate nafasi umeshakatwa nyuzi ndani. Andika mwaka wa kununua juu ya kila mfuko kwa kalamu isiyofutika. Impela yenye miaka zaidi ya mitano mimi siibebi kama tegemeo hata kama haijawahi kulowa. Gasketi ya kichwa ilale bapa kati ya vipande viwili vya ubao mwembamba, chini ya godoro panatosha. Beringi ziache kwenye mafuta yake ya kiwandani, usifungue kwa udadisi.

Daftari liwe moja, la karatasi, likae karibu na injini. Kila kitu kiwe na namba yake, idadi, na kabati kilipo. Mke wako alisome pia, alipate analolitafuta bila kukuuliza, kwa sababu siku ya shida wewe utakuwa umelala kifudifudi mikono miwili imeshika bomba. Ukitumia kitu, kiandike ukurasa wa manunuzi siku hiyohiyo kabla hujanawa mikono. Mara moja kwa mwaka fungua mifuko yote, badilishana stata na altaneta, zungusha pampu kwa mkono. Kazi ya siku mbili.

Kuhusu ile seti iliyofungwa tayari: ndani utakuta impela moja, mkanda, filta, zinki, pengine themostati. Ni seti ya kufanyia huduma ya mwaka, na kwa hilo ni nzuri. Kama bei yake ni nafuu kuliko kununua kimoja kimoja, inunue, uifungue, ulinganishe kila kitu na injini yako, uitumie mwaka huu. Haitakuwa na pampu, wala kiwiko, wala zile skrubu sita.

Sanduku la urithi limwage lote mezani. Mpira wote usio na tarehe, tupa. Mirija ya gundi na silikoni ibonyeze. Iliyoganda nenda nayo jalalani. Chuma safi chenye namba inayolingana na bamba, kijaribu kwenye injini mwezi huu. Ile impela ya pili iliyokataa kuingia usiitupe bado. Chungulia tundu lake: lina meno mengi madogo, au mfereji mmoja wa ufunguo, au upande bapa? Linganisha na shafti. Ikiwa hazifanani kabisa, nenda omo ukaifungue pampu ya kuoshea sitaha na nanga, kama ni ile ya impela ya mpira. Zaidi ya mara moja nimekuta "impela isiyoingia" ni ya pampu ya pili ya chombo hichohicho, na mwenyewe alikuwa hajui kama anayo.